Mama Vestine Aliuliza Mara Mbili

Jumatatu ya Pasaka ya mwaka ule, mimi na Vestine tulikaa kwenye ngazi ya nyumba yetu, mtaa wa Gitega, tukisukana nywele. Tulikuwa na miaka kumi na miwili. Nyumba zetu zilitenganishwa na ukuta wa matofali ya udongo, na ukuta ulikuwa na tundu tulilopitishia karanga, barua, na mara moja kifaranga. Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Mama yangu alifariki nikiwa mchanga, hivyo aliyenifundisha kufua, kupika na kujisitiri ni mama yake Vestine, mjane aliyefuma masweta ya wanafunzi kwa mashine. Sisi Waislamu, wao Wakristo. Siku ile alituletea sahani ya wali wa sikukuu, akamtania baba kwamba suruali za wateja wake zitakuwa tayari Krismasi. Baba alicheka. Sikumbuki kingine cha siku ile, na nimejaribu sana.

Kabla wiki haijaisha, bariyeri ilikuwa imewekwa pale kichochoro chetu kinapotokea barabarani. Vijana wenye mapanga walikalia makreti ya bia wakidai vitambulisho. Wengine tuliwafahamu. Kina Vestine walikuwa Watutsi, na sisi hatukuwa tukitafutwa.

Alfajiri moja Mama Vestine alimpitisha binti yake juu ya ukuta. Alimwambia baba kwamba anakwenda kwa dada yake aliyejifungua, karibu na kanisa, na kwamba angerudi. Baba alimweka Vestine juu ya dari la chumba cha cherehani, akamtandikia magunia ya vipande vya nguo.

Siku chache baadaye ikaja habari kwamba waliokimbilia kanisa hilo wameuawa wote. Baba alipanda juu akamwambia Vestine mwenyewe. Nilikuwa chini, nimeshika ngazi. Sikusikia kilio. Nilisikia tu mbao za dari zikilia kidogo, kama mtu anayejigeuza.

Kama wiki moja baada ya hapo, baba alitoka kutafuta unga. Aliniachia agizo moja: nisifungue, nisiitike, hata awe nani. Vestine alikuwa na homa, amelala.

Mchana, mtu aligusa geti. Hakubisha. Aligusa tu, kwa kiganja.

Nilisogea nikachungulia kwenye ufa.

Alikuwa Mama Vestine.

Alivaa kitenge kisicho chake, miguu mitupu, kichwa kimenyolewa. Tulitenganishwa na bati tu. Aliijua pumzi yangu, nadhani, maana aliniita kwa jina.

"Hadija," alinong'ona, kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. "Mtoto wangu iko?"

Pale kwenye bariyeri mmoja alikuwa akicheka. Nilimsikia wazi kabisa.

Niliziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Hadija. Iko?"

Hakuomba kuingia. Hilo nililielewa baadaye, nilipokuwa mtu mzima. Hakusema nifungue. Alitaka neno moja, na mimi nilikuwa nalo.

Alisubiri. Kisha akageukia kushoto, kuelekea bondeni, akitembea taratibu kama mtu anayetoka sokoni.

Baba aliporudi nilimweleza. Alikaa chini palepale na mfuko wa unga mapajani. "Umefanya nilivyokuagiza," alisema. Kisha akaongeza: "Usimwambie Vestine. Akijua, atatoka kumtafuta."

Tulibaki hivyo mpaka vita vilipoisha mjini. Vestine alishuka darini akiwa hawezi kunyoosha magoti. Mama Vestine hakuonekana tena, na hakuna aliyetuambia lolote. Shangazi yake akaja kutoka Mwanza, akamchukua. Siku ya kuondoka nilimtazama baba, naye akatikisa kichwa. "Mwache," alisema. "Angalau anajua mama yake amelala wapi."

Baba amefariki. Mimi nina meza ya kushona soko la Kimironko, na ni hapo, mwaka juzi, mwanamke mnene mwenye miwani aliponiletea kitambaa cha mapazia ya nyumba mpya aliyojenga Ndera. Alinitajia vipimo vya madirisha, nami nikawa naandika. Mara akanikazia macho.

"Wewe si Hadija wa fundi?"

Mkasi ulinidondoka. Tulishikana mbele ya wateja, tukalia kwa sauti, mpaka jirani yangu wa meza akavuta kiti akatukalisha.

Nilipeleka mapazia mwenyewe. Tulipokuwa tukiyatundika, Vestine alinieleza kwamba kila Aprili, tangu aliporudi nchini, huenda kanisani pale na maua, akakaa karibu na jiwe la kaburi walimozikwa wote kwa pamoja.

"Huwa naongea naye," alisema. "Namsimulia wajukuu wake. Mwaka huu twende wote, dada. Alikuwa mama yako pia."

Ningeweza kukubali. Mpaka leo kuna siku ninazotamani ningekubali.

"Mama hakufia kule," nilisema.

Nikamweleza yote. Geti, kitenge, swali. Alishuka kwenye kiti alichosimamia, pazia bado mkononi.

"Aliuliza mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Na hukujibu."

"Sikujibu."

"Kwa hiyo alikufa hajui kama nipo."

"Ndiyo," nilisema.

Alikunja pazia vizuri, akaliweka mezani. "Ulikuwa mtoto, Hadija," alisema, bila kunitazama. "Nenda nyumbani sasa."

Miezi miwili hakupokea simu yangu. Kisha siku moja akaja sokoni, akasimama mbele ya meza yangu. "Nioneshe alikogeukia."

Gitega imebadilika. Nyumba yetu imekuwa duka la vocha na sabuni, na kichochoro kimetiwa zege. Tuligeuka kushoto, tukateremka mpaka mwisho. Tulibisha milango kumi hivi. Wengi walihamia baada ya vita. Mukecuru mmoja, bibi aliyekuwapo miaka ile, alitusikiliza mpaka mwisho, akasema wanawake wengi walipita pale wakishuka bondeni, na yeye alikuwa amefunga madirisha.

Vestine hakumlaumu. Alimshukuru, tukaondoka.

Aprili iliyofuata hakwenda kanisani. Nilimkuta kwake Ndera, amekaa jikoni, maua yamo kwenye ndoo ya maji kwa sababu aliyanunua kwa mazoea. Nilikaa naye. Watu husema ukweli humpumzisha mtu. Mimi nimelala vizuri zaidi tangu niseme, nakiri. Lakini yeye alikuwa na kaburi, na mimi nimemnyang'anya. Kuelekea jioni aliniuliza kama nimekula. Nikasema bado. Akainuka akabandika chai.