Vichwa vya Dakika Mbili

Kinyozi yule alikuwa na jina alilopewa na wazazi wake, lakini ukiliuliza mtaani ungetazamwa kama mgeni aliyepotea njia. Yeye alikuwa Dakika Mbili. Mteja akiuliza foleni ikoje, jibu lilikuwa hilo hilo: "Dakika mbili tu, kaa hapo." Na aliyekaa hapo alijua kitakachompata. Angesikia habari za mtaa mzima, angetaniwa kuhusu wakwe zake, angebishana mpira mpaka sauti imkauke, halafu, nyota yake ikiwa nzuri, angenyolewa kabla ya chakula cha mchana.

Binti yake, mtoto pekee, alikulia kwenye benchi la kile kibanda cha kunyolea. Hata kuifikia brashi ya poda hafiki, alikuwa ameshawaambia watu wazima na heshima zao kwamba vichwa vyao vina kona. Baba alikuwa akicheka mpaka anazima mashine. Wateja wakambatiza Kidomo, na jina likamganda. Alipokuwa mkubwa akaajiriwa kwenye duka la simu upande wa pili wa mji, lakini mdomo ulibaki ule ule. Sasa ulikuwa unafanya kazi kwenye kundi la mtaa la simuni, ambako ukiweka picha yako umekaa vibaya, Kidomo anakumaliza kabla hujaifuta.

Nyumbani, Dakika Mbili alikuwa haingii moja kwa moja. Mkewe alikuwa anamsimamisha mlangoni: jikung'ute kwanza, usiniletee vichwa vya watu kitandani. Naye alijikung'uta kwa mbwembwe zote, anazunguka kama mwanamitindo, mpaka mke anacheka na kusahau alikuwa amenuna kwa nini. Walizeeka hivyo, mlangoni, wakitaniana.

Kisha mkono ukaanza.

Mwanzoni alisingizia mashine. "Umeme wa leo una wasiwasi," alisema, na wateja wakacheka. Lakini siku nyingine mkono ulitetemeka na mashine ikiwa imezimwa. Hospitali wakasema ni ugonjwa wa kutetemeka, dawa zipo za kuupunguza, za kuuondoa hazipo. Akarudi kibandani, akafunga shuka shingoni mwa mteja wa kwanza kama kawaida yake, ila fundo lilimchukua muda.

Aliyekatwa sikio alikuwa Mwalimu. Huyu alikuwa mwalimu mstaafu, rafiki wa Dakika Mbili tangu wote wawili wakiwa na meno kamili, mteja wa kila Jumamosi. Damu ilidondoka kwenye shuka. Mwalimu akasema si kitu, akatania kwamba hata hivyo sikio lenyewe lilikuwa limezidi. Wakacheka wote, akapakwa spiriti, akaondoka.

Hakurudi tena.

Na hakuna aliyegombana na mzee wa watu. Kama wangegombana ingekuwa nafuu. Ila kwenye kona ilikuwa imefunguliwa saluni ya vioo, viti vinazunguka, muziki juu, vijana wanachonga nywele kwa rula. Taabu ilikuwa moja tu: kutoka kwenye kona ile mpaka kituo cha basi, njia inapita mbele ya kibanda cha Dakika Mbili. Huwezi kuikwepa bila kuruka ukuta wa mtu. Basi ghafla mtaa mzima ukapenda kofia. Kapelo, kofia za sufu, kofia za mvua. Mtu anatoka saluni kichwa kinang'aa, anakifunika, anapita mbele ya kibanda mwendo wa haja, anapunga mkono. "Mzee, shikamoo, nina haraka kidogo!"

Siku ya mapumziko Kidomo alikuwa amekaa na baba yake kwenye benchi lililo tupu.

"Jua limekuwa kali siku hizi," baba alisema. "Naona watu wamejua faida ya kofia."

Kidomo akatazama juu. Wingu lilikuwa limetanda kutwa nzima. Akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaukuta hauna kitu.

Mwalimu akapita, kofia yake ya kahawia kichwani, akapunga. Dakika Mbili akamsindikiza kwa macho mpaka akaishia. "Ile kofia imezama leo," alisema taratibu. "Wamemtoa nywele sana kisogoni. Kisogo cha Mwalimu hakitaki kutolewa."

Kwenye kundi la mtaa picha za nywele mpya ziliendelea kumiminika. Kidomo alikuwa na maneno ya kumtosha kila mmoja wao. Hakuyaandika, maana baba alikuwa amemwomba asiwaudhi wateja wake. Aliwaita hivyo hivyo: wateja wake.

Dakika Mbili alifia kwenye kiti cha kunyolea, uso ukielekea barabarani. Alikwenda kufungua asubuhi kama siku zote, akakaa kusubiri. Watu wakapita, wakapunga, wengine wakashukuru kimoyomoyo kwamba leo mzee hakuwaita. Mkewe alipomletea chakula cha mchana ndipo ikajulikana kwamba mtaa mzima ulikuwa unampungia maiti.

Kundi la simuni likajaa picha za mishumaa. Picha yake ikawekwa na wale wale. "Tumepoteza nguzo." "Kinyozi wetu milele." Kidomo alisoma mpaka akaizima simu.

Siku moja kabla ya mazishi, Mwalimu alikuja na karatasi. Marafiki walikuwa wamemchagua aseme machache, akataka kumsomea mjane kwanza. Yalikuwa mazuri, kalamu alikuwa nayo. Katikati akasoma kwamba marehemu aliwahudumia wateja wake, nao hawakumwacha, mpaka siku yake ya mwisho.

Kidomo akasimama. Mama akamshika pindo la nguo, akamketisha.

"Ni nzuri, shemeji," alisema mama. "Kaisome."

Mwalimu alipoondoka, Kidomo aliwaka. Alisema atasimama kesho mbele ya watu wote awataje mmoja mmoja, na kofia zao. Wamemuua kwa kupunga, sasa wanataka wamzike kwa uongo? Mama alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho.

"Kesho utafunga mdomo," alisema. "Huyo ni mume wangu kabla hajawa baba yako."

Kesho yake walijaa, viti vya plastiki havikutosha. Jeneza lilipotolewa nje, wanaume wakavua kofia kwa heshima. Kidomo akaviona: vichwa safu kwa safu, vimenyolewa upya kwa ajili ya msiba, kingo zimenyooka, shingo zina poda. Mkono wa baba haukuwapo hata kwenye kimoja. Akauma mdomo kwa sababu mama alikuwa amemkataza.

Mwalimu akasimama, akafungua karatasi. Alipokaribia katikati, mama naye akasimama na kufungua kilemba chake.

Nywele za mama zilikuwa zikifika mgongoni, mtaa mzima ulizijua. Hazikuwapo. Kichwa kilikuwa kimenyolewa mabaka mabaka, huku ngozi, huku kishungi, na juu ya sikio kidonda kilichoanza kukauka. Kidomo alikuwa anamwona na kilemba wiki nzima, akadhani amekosa tu nafasi ya kusuka.

"Alininyoa yeye," mama alisema, bila kupandisha sauti. "Wiki ile ya mwisho. Alikuwa anakwenda kukaa tu pale kutwa, hana mtu. Nikamwambia na mimi nataka kunyoa. Alifurahi." Akamgeukia Mwalimu. "Endelea, Mwalimu."

Mwalimu akashusha macho kwenye karatasi. Akaendelea, sauti chini, akasoma habari za ucheshi wa marehemu, mapenzi yake kwa familia, akafika mwisho, akaanza kukunja.

"Umeruka mahali," mama alisema.

"Shemeji..."

"Pale pa wateja wake na siku ya mwisho. Jana ulinisomea."

 Mwalimu akaikunjua karatasi, akaikunja tena.

"Ndiyo, shemeji," alisema. "Hapo nimeruka."

"Basi kaa," mama alisema, na watu wakainua jeneza.