Siku Niliposimamisha Mashine

Mwanangu, ipo Ijumaa moja ya miaka ya tisini ambayo hadi leo nikiikumbuka uso hunishuka.

Nilikuwa fundi mpya wa kompyuta katika ofisi ya shehena, Mji wa Kale. Mashine moja kubwa ilihudumia skrini zote kwa nyaya. Bi Zuhura, karani wetu, alikuwa akiingiza orodha ya shehena tangu asubuhi, mbio mbio, maana alasiri ile binti yake alikuwa anaolewa na yeye ndiye wa kumpamba. Mimi nilikuwa na desturi ya kuzima vyombo vyangu kabla ya kwenda msikitini. Nikaizima skrini yangu ya usimamizi, ile ya kuipa mashine kubwa amri.

Mara Bi Zuhura akaita, "Mwanangu, hii yangu imeganda!"

Sikujua kwamba herufi hupita kwenye waya kwa mapigo mafupi, na waya ukishikiliwa katika hali moja kupita muda wa herufi nzima, mashine hufahamu imekatizwa. Husimama, ikangoja amri. Mafundi huituma ishara hiyo makusudi, mashine ikipotea njia. Mimi niliituma kwa kuzima skrini tu.

Nilipoiwasha tena skrini yangu, nikaona alama moja ikimemeta. Mzee Salim, fundi mkuu, alikuwa msikitini, hatua chache tu, lakini nikaona haya kumwendea, mimi msomi wa chuo! Nikazima umeme wa mashine, nikawasha tena. Kazi yote ya Bi Zuhura ikapotea, kwani alikuwa hajaihifadhi.

Mzee Salim aliporudi hakunigombeza. "Mbona hukunambia, mwanangu? Haikufa ile, ilisimama tu. Ningeandika neno moja ikaendelea papo hapo."

Bi Zuhura akaanza upya, machozi yakimlenga. Bintiye akapambwa na shangazi zake. Kesho yake Bi Zuhura akaniwekea mezani sahani ya biriani ya harusi. Wallahi sikuila.

Mwanangu, mficha uchi hazai. Ukikosea, sema mapema, kosa likiwa bado dogo. Kilichosimama usikidhanie kimekufa. Muulize ajuaye kabla hujakigusa. Aibu yangu ilikuwa ya dakika moja, na aliyeilipia ni mama wa watu, kwa siku asiyoweza kurudishiwa.

Mola akupe ulimi mwepesi wa kusema "nimekosa", akuweke karibu na wanaojua, na makosa yako yasimfikie asiyehusika. Amin.