Ng'ombe Aliyegeuka Ndani ya Trela

Mama mkwe alipohamia Theta, aliniomba nimpelekee ng'ombe wake kutoka Ruiru. Ng'ombe huyo alikuwa na mimba ya miezi saba, na mama mkwe hakuwa na mwingine.

"Akianguka njiani," aliniambia, "nimepoteza wawili."

Nilijiandaa wiki nzima. Sikusomea umakanika, ninayoyajua nimeyatoa vitabuni, na huyasema polepole ili yaonekane mengi. Nilipunguza upepo kidogo katika tairi za trela isirukeruke. Nilimpima ng'ombe kifua kwa utepe wa fundi cherehani, nikakadiria uzito wake, kisha nikachora kwa chaki mahali atakaposimama: mbele kidogo ya ekseli, ule mhimili wa magurudumu, uzito uelekee kwenye pikapu. Kamba niliiacha ndefu ili aweze kulala akichoka. Majani yake niliyafunga nyuma kabisa, kwa sababu mbele yangeharibu mchoro.

Mama mkwe alipanda pikapu, akaweka mkoba wake katikati yetu, kwa maana kwetu mtu hakai bega kwa bega na mama mkwe wake. Nilimhutubia kuhusu uzito mpaka tukaingia barabara ya Thika. Hapo trela ikaanza kuyumba, ikivuta pikapu kushoto, kulia, kushoto. Niliachilia kanyagio la mafuta taratibu, nikasimama kando.

"Ni upepo," nikasema.

"Upepo gani, baba? Hata majani ya miti hayatikisiki."

Tulishuka. Ng'ombe alikuwa amegeuka, amejibana nyuma, anakula. Chaki yangu ilikuwa chini ya kinyesi.

"Katika hizo hesabu zako," akauliza, "uliandika kwamba ng'ombe hula?"

Sikuwa nimeandika. Aliyafungua majani mwenyewe, akayafunga mbele. Ng'ombe akayafuata, nami nikafupisha kamba. Kuanzia hapo trela ilitufuata kwa utulivu, hata kwenye mashimo ya barabara ya vumbi. Niliendesha bila kutoa somo lolote.

Tulipofika, mama mkwe aliweka kiganja ubavuni mwa ng'ombe, akangoja. Nami nilingoja, nimeshikilia mlango wa trela kana kwamba ungeanguka.

"Ndama anacheza," akasema hatimaye.

Jirani yake mpya, aliyekuwa akitazama kutoka ugani, alisifu jinsi mnyama alivyoshuka bila kutetemeka. Akauliza dereva ni nani.

"Ni huyu mkwe wangu," mama mkwe akajibu. "Amesoma sana."

Nikashukuru, nikaanza kufagia trela.