Sifuri Niliyoifuta

Maji yalipanda juu kuliko paa la nyumba yetu, mwanangu, na bado mstari wa mwisho wa nyanya ulikuwa unakauka. Naikumbuka asubuhi hiyo kwa sababu zamu yetu ya maji ya mradi wa umwagiliaji ilikuwa inaisha saa sita, na jirani alikuwa amesimama kwenye valvu akingoja kutufungia. Tungepata tena wiki iliyofuata. Miche isingefika siku hiyo.

Kaka yangu Mwenda alikuwa ameufunga mdomo wa mpira wa maji kwenye kigingi kifupi mwanzoni mwa shamba. Maji yalipoanguka kabla ya kuufikia mstari wa mwisho, aliuelekeza mdomo juu zaidi. Yakapanda zaidi, yakaanguka karibu zaidi.

"Unanyeshea mawingu?" baba akamuuliza.

Mimi nilikuwa kivulini na zoezi la milinganyo ya kwadratiki, nachora parabola, ule mkunjo wake. Shangazi Kaari, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, akachungulia. Nilikuwa nimepata majibu mawili, sifuri na nane, nikaifuta sifuri.

"Hii umeifutia nini?"

"Si ni sifuri tu, shangazi? Haina kazi."

"Unafuta usichokijua! Tazama maji ya Mwenda. Mkunjo wake unagusa ardhi mara ngapi?"

Nikatazama. Yalitoka chini, yakapanda, yakapinda, yakashuka. "Mara mbili."

"Na sifuri iko wapi?"

Ilikuwa pale kwenye kigingi. Ukisogeza mwanzo wa mkunjo, mwisho nao unasogea, na kilele kinabaki katikati yao. Nikapiga kelele: "Mwenda, rudisha mdomo ulivyokuwa! Ng'oa kigingi, sogea mbele!"

"Haya, profesa!" akanicheka, lakini akaking'oa. Mstari wa mwisho ulilowa kabla valvu haijafungwa.

Kwa hiyo, mwanangu, usikimbilie kanuni. Chora kwanza, kisha uliza kila jibu linakaa wapi kwenye mchoro. Lipo litakalokuja hasi wakati unatafuta upana wa shamba. Hilo likatae, lakini ukijua sababu. Mungu akupe macho ya kuuona mkunjo ndani ya namba, na akupe wa kukukemea mapema.

Nami bado nina swali. Upepo wa mlimani ukivuma, maji huyumba na ile parabola huharibika. Nilimwomba shangazi mlinganyo wa hayo. Akasema ataufikiria. Alifariki kabla hajanijibu, na mimi sijaupata.