Msalaba wa Kungojewa

Mume wangu, marehemu Sajini Ehrenfried Zitzmann, alilitumikia jeshi la Mtawala wetu miaka ishirini na mitano. Nchi yetu, hapa katika milima ya Thuringia, ni ndogo kiasi kwamba mlinzi wa mpaka mmoja akipiga chafya, wa mpaka wa pili humwombea afya. Hazina yake ni ndogo zaidi. Ndiyo maana misalaba ya dhahabu ya utumishi mrefu ilifuliwa michache tu, na haikuongezwa. Aliyetimiza miaka yake hungoja mwenye msalaba afe.

Ehrenfried alingoja hadi mzee Trautvetter, mmoja wa wenye msalaba, alipofariki. Alipouvaa, vijana wa kilabuni walimcheka. "Shikamoo, Sajini! Hiyo ndiyo nishani ya kukalia kiti?"

"Naam," akawajibu. "Na nyinyi mngekalia hata benchi la shule, mngejua kusoma kilichoandikwa hapa."

Hakulewa, hakukopa, hakuadhibiwa. Adhabu moja tu ingemfutia miaka yake ya kuupata msalaba. Nayaandika haya kwa sababu mjini yamesemwa mengine.

Alipougua mapafu, rafiki yake Sajini Botho Kühnhold alikuja kila siku na supu ya maini.

"Leo vipi, kaka? Unapumua?"

Mume wangu alicheka mpaka akakohoa. "Inywe wewe hiyo supu, Botho. Mimi nikipona utakufa kwa kihoro."

Nilijua nani anafuata kuupata msalaba. Sikudhani rafiki angehesabu.

Alifariki Alhamisi asubuhi. Nikaanza kushona mto wa mahameli nyeusi, maana kwetu nishani ya marehemu hutangulia jeneza juu ya mto. Kabla sijamaliza, Karani Wunderlich wa ikulu akabisha hodi.

"Pole sana, Mama Sajini," alisema; kwetu mke hubeba cheo cha mumewe. "Nimefuata msalaba."

"Mazishi ni Jumamosi, Bwana Karani. Jumapili mtaupata."

"Kesho ni sikukuu ya kuzaliwa kwa Mtawala. Anavishwa Kühnhold. Hatuna mwingine."

"Si angoje siku mbili? Amekwisha kungoja miaka."

"Mama, usinilazimishe niseme ikulu kwamba nyumba hii imezuia mali ya Mtawala."

Nikamtia msalaba mkononi. Nyumba ya Zitzmann haijawahi kuitwa nyumba ya wezi, na haingeitwa hivyo kwa ajili yangu.

Jumamosi hapakuwa na mto uliotangulia jeneza. Nyuma ya jeneza alitembea Kühnhold, kifua mbele, maana amri ya jeshi humtaka askari avae nishani zake zote anapomzika mwenzake. Msalaba ulimetameta kwenye theluji. Mke wa mwoka mikate akanishika mkono.

"Jipe moyo, Mama Sajini. Angalau msalaba wake umefika makaburini."

Nilimshukuru. Kisha nikamtupia Ehrenfried konzi tatu za udongo. Kühnhold alipoinama naye achote, nikamwambia, "Rudi nyuma, Sajini. Utauchafua."