Sekunde Tano Nyuma ya Ukuta wa Mbao

Baba mkwe aliteleza kwenye mteremko wa chai huko Suma siku ya Jumanne, akavunjika mguu. Jumatano hospitali walimruhusu akiwa na plasta mpaka juu ya goti, na kwa kuwa njia ya Suma ilikuwa tope tupu, wakamlaza kwetu mjini, Bagamoyo, kwenye chumba pekee kilichokuwa na kitanda cha ziada. Chumba hicho ndicho kilichokuwa na nondo dirishani, na kwa sababu ya nondo hizo ndicho tulichokuwa tumeweka kompyuta kuu ya duka letu.

Nasema Bagamoyo ya Tukuyu. Nimehamahama sana tangu wakati ule, na kila mji ninaokaa, nikitaja Bagamoyo, watu huniuliza habari za samaki. Mimi nakumbuka ukungu unaoingia mpaka jikoni, na mvua juu ya bati inayokufanya umpigie kelele mtu aliyekaa mbele yako.

Duka lilikuwa la barua pepe. Miaka ile kila mtu alikuwa anafungua kitu: mwenye saluni, mwenye mitumba, mwenye kibanda cha simu. Kiwanda cha chai alichofanyia kazi baba mkwe kilikuwa kimepata wenyewe wapya, nao wakampunguza yeye na taipureta yake. Akanunua kompyuta sita zilizokwisha kutumika, na mimi, mke wa mwanawe, nikapewa kuziendesha, kwa sababu baada ya kidato cha nne nilikuwa nimekaa miaka miwili kwenye duka la intaneti Mbeya na fundi mmoja wa pale alinifundisha kila alichokijua. Mume wangu alikuwa dereva wa lori, siku nyingi yuko njiani kuelekea Zambia.

Kompyuta kuu ilitumia mfumo endeshi wa bure, ule ambao mtu yeyote anaweza kuyasoma maandishi yake yote na kuyarekebisha. Ndani kabisa ya mfumo huo kuna sehemu inayoitwa kiini. Kiini ndicho kinachoamua nani afungue faili gani na nani akataliwe. Wateja wetu walikuwa na masanduku yao ya barua ndani ya mashine ile, walimu, manesi, watoto wa wafanyakazi wa chai, kila mmoja na neno lake la siri, na kiini kilikuwa mlinzi wa wote.

Kumbe mlinzi wetu alikuwa na udhaifu. Mteja mmoja aliyewahi kusomea kompyuta mjini alikuja na disketi, akaweka programu fupi, na baada ya dakika moja mashine ikamtambua kama mwenye nyumba. Akafungua sanduku la mchungaji. Mchungaji alikuwa amemwandikia askofu kuomba uhamisho, na kabla askofu hajajibu, habari zilikuwa zimeshafika sokoni.

Nilimfuata yule mteja, naye hata hakukana.

"Dada, mlango wenu hauna komeo," alisema huku anacheka. "Mimi nimesukuma tu."

"Ukikuta mlango wa mtu hauna komeo, unaingia chumbani kwake?"

"Nimeingia, sijaiba." Kisha akanipa disketi yake. "Chukua. Siku ukiziba, jaribu kwa hii. Lakini huwezi. Hilo tundu liko kwenye kiini chenyewe, na kiini si kazi ya mtu wa form four."

Baba mkwe alikuwa mzee wa kanisa. Mchungaji alikuja kumpa pole ya mguu, wakafunga mlango, wakaongea saa nzima. Alipoondoka, mama mkwe alikuja dukani akiwa amebana midomo.

"Mzee amesema anauza," aliniambia. "Kuna mtu wa Mbeya anakuja kesho saa kumi kuzitazama mashine. Na wewe mkamwana utarudi Suma, ukachume chai na wenzako."

"Mama, mwambie nitaziba. Anipe mpaka hiyo saa kumi."

Alikwenda, akarudi. "Amesema saa kumi ni saa kumi. Na hakuna mtu wa nje atakayeigusa mashine tena."

Hapo inabidi nieleze jambo ambalo watu wa miji mingine huwa hawaliamini. Kwetu mke wa mwana hamtazami baba mkwe, na baba mkwe hamtazami yeye. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kwenye migomba mpaka mwingine apite. Hamsemeshani. Wengi mjini walikuwa wameshaacha, lakini nyumba ile haikuacha. Katika miaka minne ya ndoa nilikuwa nimeiona kofia yake, fimbo yake, na mgongo wake ukiishia kwenye kona. Neno lolote kati yetu lilipita kwa mama mkwe.

Kazi yenyewe nilijua inavyofanywa. Watunzaji wa mfumo ule walikuwa wametoa kiraka, mistari michache tu ya kurekebisha kosa, na nilikuwa nimekipata kwa laini ya simu. Unakipachika kwenye maandishi ya kiini, unachagua vipengele unavyotaka, kisha unaiamuru mashine isuke kiini kipya kutokana na maandishi hayo. Yote hayo niliweza kuyafanya nikiwa dukani, kwa kuwa kompyuta za wateja ziliunganishwa na ile kuu kwa waya uliopita kwenye ukuta wa mbao kati ya duka na chumba kile. Tatizo lilikuwa hatua ya mwisho. Mashine lazima izimwe na kuwashwa upya, na kama kiini kipya kikigoma, ni lazima mtu awe mbele ya skrini yake aichagulie kiini cha zamani. Mbele ya skrini ile alilala baba mkwe, na mama mkwe hakujua kusoma.

Kuihamisha hatukuthubutu. Mara ya mwisho tuliposogeza mashine ile, ilikataa kuwaka siku mbili.

Alhamisi saa mbili asubuhi nilifunga duka kwa ndani, nikaanza. Kusuka kulichukua saa mbili na nusu. Nje mvua ilikuwa imeanza kudondoka. Taa zilififia mara mbili, betri ya akiba ikalia, umeme ukatulia. Kila ilipolia nilisimama bila kujua nataka kufanya nini.

Saa nne u nusu nilimwita mama, akasimama kwenye mlango wa kati, nusu kwangu nusu kwa mumewe.

"Mwambie nazima na kuwasha. Skrini itakuwa nyeusi, kisha yatapita maandishi. Yakisimama, aseme yamesimama wapi."

Nilibonyeza. Kwa upande wangu mawasiliano yalikatika, kama inavyotakiwa. Nikasubiri yarudi. Hayakurudi. Nikamsikia baba mkwe akikohoa, kisha akisema jambo kwa Kinyakyusa, pole pole.

"Anasema mashine imeandika kwa Kiingereza kwamba imeshikwa na hofu," mama alinieleza. "Anauliza hofu ya nini?"

Ndivyo mfumo ule unavyoandika kiini kikishindwa kuendelea. Nilijua hofu ya nini. Kiini kile kilikuwa kimewaka bila kujua kusoma diski yenyewe, kwa sababu mimi, katika kuchagua vipengele, kipengele cha diski nilikiweka nje ya kiini, mahali pa kuchukuliwa baadaye. Lakini cha kuchukuliwa baadaye kilikuwa ndani ya diski. Sawa na mtu aliyefungia ufunguo wa ghala ndani ya ghala.

Haikuwa mwisho wa dunia. Kiini cha zamani nilikuwa nimekiacha palepale, na nilikipa jina hilohilo, zamani. Mashine ikiwashwa, kuna mahali inasimama na kukuuliza uwashe kipi. Ukigusa kitufe chochote, inakusubiri. Usipogusa, inaendelea na kipya. Muda wa kusubiri niliuweka mimi mwenyewe kwa haraka zangu za ujana: sekunde tano.

"Mama, mwambie abonyeze kile kitufe cha duara, awashe upya. Litakuja neno moja na nukta mbili mbele yake. Aguse kitufe chochote, aandike zamani, kisha abonyeze kile kitufe kikubwa cha kulia."

Mama alitafsiri. Alitafsiri kwa kirefu, na mikono juu. Kisha nikasikia mashine ikianza kunguruma.

Sasa, baba mkwe alikuwa amepiga taipu miaka ishirini na kitu. Alijua kazi ya karani: huandiki usichosomewa, na usipoelewa unauliza. Na mashine ikiwaka, kabla haijafika kwenye lile neno, inapitisha mistari mingi yenye nukta mbili.

"Anauliza, ni hili?" mama alisema.

"Limeandikwaje?"

Mama akageuka kule. Akarudi kwangu. "Linahesabu namba."

"Silo, bado!"

Akageuka. "Silo! Bado!" Akarudi. "Anasema hilo limepita, limekuja jingine, anauliza ni hilo?"

"Linasemaje?"

Akageuka tena. Baba mkwe akajibu. Mama hakugeuka kwangu. Alisema tu, kwa sauti ndogo, "Imeshikwa na hofu tena."

Tulirudia. Safari hii mvua ilifunguka. Mnaoijua mvua ya Tukuyu mnajua. Si maji, ni kokoto. Mama alifungua mdomo mlangoni, nikaona midomo yake inacheza, sikusikia kitu. Mara ya pili, hofu ileile. Na mimi nilikuwa nahesabu mambo mengine: kila inapozimwa na kuwashwa, ule ugonjwa wake wa kukataa kuwaka unaweza kurudi. Ikigoma kabisa, mtu wa Mbeya atakuta mzoga, mchungaji atakuta aibu, na mimi kikapu cha chai mgongoni.

"Awashe tena," nilimpigia mama kelele.

Mngurumo ukaja. Niliweka sikio kwenye mbao. Nilisikia ule mlio mmoja mfupi wa kuanza. Nilijua toka mlio ule mpaka lile neno ni kama kusema sala ya chakula, kwa sababu nilikuwa nimeiwasha mashine ile mara mia. Nikaisema kimoyomoyo. Nilipofika amina, nikasikia sauti ya mzee ikiuliza, "Ni hili?"

Nikapiga ukuta kwa kiganja.

"Baba, ndilo! Gusa sasa! Andika zamani!"

Mama mkwe aliziba mdomo kwa khanga.

Kukawa na mvua tu. Kisha, kupitia mbao, nikasikia vitufe vikipigwa, si kwa kidole kimoja kama wateja wetu, bali kwa mikono yote miwili, haraka, kama mvua nyingine ndogo ndani ya ile kubwa. Kitufe cha mwisho alikigonga kwa nguvu. Baada ya dakika mbili mawasiliano yalirudi kwenye skrini yangu.

Mama alitoka mlangoni, akaenda kukaa jikoni na kunipa mgongo.

Nilikiweka kipengele cha diski ndani ya kiini, mahali pake, nikakikagua mara tatu, nikaamuru isuke upya. Saa saba u nusu ilimaliza. Mama hakutaka kurudi mlangoni. Nilimsihi. Akaja, akasimama, lakini hakutafsiri, na haikuhitajika, maana baba mkwe alianza kusoma mwenyewe kila mstari uliopita, kwa sauti ya kumtosha mkewe na ya kuvuka ukuta. Alisoma Kiingereza kama anavyosoma zaburi. Alipofika alipotakiwa kuona hofu, akanyamaza.

"Mwambie aendelee," nilisema.

"Imepita," alisema yeye, kumwambia mkewe. "Inaomba jina la mtumiaji."

Nikachukua disketi ya yule mteja. Nikaingia kama mteja wa kawaida, nikaiendesha programu yake. Ilifikiri kidogo, ikarudi bila kitu. Nikajaribu kufungua sanduku la mchungaji. Nikakataliwa. Nilijaribu mara saba. Sijawahi kufurahia kukataliwa kama siku ile.

Mtu wa Mbeya aliwahi. Saa tisa alikuwa ameshafika, viatu mkononi. Waliongea mle chumbani, mimi nimeganda nyuma ya mbao.

"Mzee, niliambiwa barua za watu zinavuja humu."

"Zilikuwa zinavuja."

"Na sasa?"

"Tundu limezibwa leo. Nilikuwepo." Kitanda kikalia, nadhani alikuwa anajigeuza. "Umepata usumbufu wa bure, mwanangu. Ndaga, asante. Kunywa chai kwanza, mvua ipungue."

Jioni mama mkwe alikuja dukani. Bado hakunitazama vizuri.

"Kuhusu kile kilichotokea," alianza.

"Mama, nisamehe."

"Mimi nilimuuliza. Anasema hakusikia mtu. Anasema alisikia ukuta." Akanyanyua khanga yake begani. "Ila ana neno. Amesema zile sekunde tano ni chache mno kwa nyumba ya watu wanaoheshimiana. Uweke thelathini, mimi nipate muda wa kwenda na kurudi."

Nikaziweka thelathini palepale, mama amesimama anaangalia skrini ambayo hawezi kuisoma.

Viraka vya kiini viliendelea kutoka, mara mbili tatu kwa mwaka. Mguu ulipopona, mzee alirudi Suma, lakini kila nilipomtumia mama ujumbe kwamba kuna kiraka, asubuhi yake nilikuta mlango wa chumba kile umefungwa, kofia imetundikwa nje, na ndani mtu amekaa anasubiri kusomewa.