Kiungo Kilichofukiwa

Shamba la mama lilipotea kwa sababu ya kaka yangu. Kwenye matanga ya mama niliambiwa ninyamaze. Hapa sinyamazi.

Nyanya zetu kule Kinoo zilikuwa zikinyauka kila msimu. Leo mmea umesimama, kesho umelala kama umemwagiwa maji moto, majani bado mabichi. Ugonjwa wenyewe unakaa udongoni, dawa haiufikii. Kaka alitaka pale pajengwe vyumba vya kupangisha. Mama akamwambia amwache apande mara moja ya mwisho. Zikifa tena, ajenge.

Mimi ndiye niliyesikia habari za miche ya Kitisuru. Chini ni shina la nyanya ya mwitu, ya ukoo usioshikwa na ugonjwa ule. Juu wameunganisha nyanya ya kawaida, hii yetu yenye tunda tamu. Mimi nafulia watu nguo mtaa wa Jamhuri, siku hiyo sikupewa ruhusa, basi kaka akaenda kuichukua na pikapu yake.

Zilikua, jamani. Mama alikuwa akiziimbia. Na vile alivyotufundisha tangu tukiwa wadogo, akainama na jembe akazirundikia udongo shinani, juu kabisa, ili zishike vizuri. Kaka alikuwa amesimama hapo hapo na kikombe cha chai. Alimtazama tu.

Zilipoanza kubeba matunda, zikalala. Zote.

Nikang'oa mmoja nikaupeleka Kitisuru, nimejaa matusi. Yule mama anayeuza miche akapangusa udongo, akanionyesha: juu ya kiungo, pale mashina mawili yalipounganishwa, nyanya yetu ilikuwa imetoa mizizi yake yenyewe, ikajinywea ugonjwa ardhini.

"Nguvu iko kwa ule mzizi wa chini, mum. Haipandi juu," akasema. "Na nilimwambia kaka yako kiungo kisifukiwe. Alicheka, akasema mamake atafukia tu, hiyo ndiyo kawaida yake."

Nilimweleza mama yote, neno kwa neno. Alikaa kitako kwenye tuta, akifikicha udongo vidoleni.

"Jembe lilikuwa mkononi mwangu," akasema. "Huyo mtoto usimtaje."

Halafu akaniambia nimpigie kaka simu, aje na fundi wake wapime.

Nilipiga. Aliipokea kabla haijalia mara ya pili.